Futikamba Mkononi, Bur Dubai

Barabara ya Khalid bin Al Waleed si ya kupigia picha. Ni barabara pana inayokata Bur Dubai, imepangwa mabenki, maduka ya kubadilishia fedha, hoteli za bei ya kati na vibao vya Kiarabu na Kiingereza vilivyopandana hadi ghorofa za juu. Watu wa pale huiita Barabara ya Kompyuta. Ukiingia kwenye maduka ya pembeni, na hasa ndani ya jumba la Al Ain Centre upande wa Mankhool, utaona sababu: vyumba vidogo vimebanana, kila kimoja kimejaa maboksi hadi darini, na vijana wa vitoroli wanapita wakiomba njia kwa sauti. Wafanyabiashara wa Mombasa, Dar es Salaam na Unguja wameizoea barabara hii kwa miaka mingi. Wengi hufuata laptopu na simu. Mimi nilifuata vipande vya kompyuta moja ya mezani, vya kuchagua kimoja kimoja.

Kazi yangu ni kuhariri filamu. Wakati ule nilikuwa na filamu ya wanawake wanaolima mwani Paje na Jambiani, imepigwa kwa kamera inayorekodi 4K, biti 10, kwa mfumo wa H.265 wa 4:2:2. Tarakimu hizo tatu za mwisho ndizo zilizoniongoza safari nzima, kwa hiyo nizieleze. Kamera huandika mwanga wa picha mbali na rangi yake. Zile za kawaida huandika 4:2:0, yaani rangi hubakizwa robo ili faili liwe dogo. Za 4:2:2 hubakiza nusu. Kwa mtu anayepiga harusi ukumbini huenda tofauti asiione. Kwa bahari ya pwani ya mashariki ya Unguja, maji yanapokupwa na kuacha kijani, buluu na mchanga vikiingiana, na wanawake wamejifunga kanga nyekundu katikati yake, tofauti ni kubwa pale unapoanza kurekebisha rangi.

Lakini faili za namna hiyo ni ngumu kufumbua. Prosesa ikiachiwa kazi hiyo peke yake hulemewa, picha zikakatika katika, na mhariri akapoteza mapigo ya tukio. Panahitajika sehemu maalumu ndani ya chipu iliyotengenezwa kufumbua aina hiyo hasa ya faili. Prosesa za Intel za miaka ya karibuni zenye kichakata picha cha ndani zinayo, na ndiyo maana mhariri hapaswi kununua zile ambazo majina yake yanaishia na herufi F, kwa kuwa hizo zimeondolewa kichakata hicho. Prosesa za AMD haziifumbui 4:2:2. Kadi za NVIDIA za familia ya RTX 40, pamoja na ile RTX 4090 iliyotoka Oktoba 2022 na kuogopwa kwa nguvu na bei yake, haziifumbui pia. Ni familia ya RTX 50, iliyoanza kuuzwa Januari 2025, ndiyo iliyoongezewa uwezo huo.

Basi mtu angeweza kununua prosesa ya AMD, Ryzen ya juu kabisa, na RTX 4090, akalipa fedha za shamba, na bado picha za mwani zikamkwama mezani. Vipande vyote vingeingiana, taa zingewaka, feni zingezunguka, na mashine ingekuwa haifai kwa kazi iliyonunuliwa kuifanya. Wengi wanaoulizia vipande huanza na prosesa na mazabodi, yaani ubao mkuu, kama vinaingiana au haviingiani. Mimi naamini mahali pa kuanzia ni faili unazofungua kila asubuhi.

Ndege ya Unguja hadi Dubai huchukua saa tano na ushee. Nilifikia Naif, upande wa Deira, ambako Kiswahili hukisikia bila kukitafuta: kwenye mgahawa wa biriani, kwenye foleni ya kutuma fedha, kwenye ofisi za kusafirisha mizigo. Katika ofisi moja ya namna hiyo nilimkuta mzee wa Mombasa, rafiki wa siku nyingi wa familia yetu, ambaye tangu utotoni tunamwita ami. Kazi yake ni kufungasha na kupakia. Alinisikiliza nilichokuja kununua, kisha akaniuliza swali ambalo hakuna muuzaji aliyeniuliza baadaye.

"Utaisafirishaje, mwanangu?"

Nikamwambia huenda nikawaachia watu wa duka waifunge kabisa, nami nije niichukue imekamilika.

"Usifanye hivyo. Mashine iliyofungwa haipendi bahari, na haipendi wapakizi. Kile kidude kizito cha kupoozea kikining'inia kwenye ubao wiki nzima melini, na ile kadi nayo kilo mbili imeshikwa kwa sloti tu, ukifungua kwenu utakuta nyufa. Waambie wakupe vipande ndani ya maboksi yake. Kadi na ubao ushike mwenyewe mkononi. Kasha ndilo unipe mimi."

Nilitii. Uamuzi huo ulimaanisha kwamba mimi ndiye nitakayefunga kila kitu nyumbani, mahali ambapo kipande kisichokubali hakina duka la jirani la kukibadilisha. Kila kitu kilipaswa kukubaliana kabla sijavuka bahari.

Asubuhi nilishuka hadi Khor, nikapanda abra kwa dirhamu moja. Wanaoijua Dubai ya maghorofa marefu hukosa kitu wasipovuka mkono huu wa bahari kwa chombo. Upande wa Deira majahazi bado yanafunga gati, na mizigo imelundikwa ukutani: matairi, majokofu, maboksi ya televisheni, magodoro. Nahodha wa abra hukusanya sarafu kwa mkono mmoja huku mwingine ukiwa kwenye usukani. Dakika chache tu na umeshashuka Bur Dubai, unapita soko la vitambaa, unakunywa chai ya karaki kwa Wamalayali, kisha unaingia barabarani kwenye joto ambalo saa nne ya asubuhi limeshakuwa zito. Mfukoni nilikuwa na karatasi ya vipimo na futikamba ya fundi cherehani.

Duka la kwanza lilikuwa na mashine iliyokwisha fungwa, imewekwa mbele ya mlango kama bibi harusi. Kasha la kioo pande mbili, kadi ya RTX 5090, mapambo ya taa, na vipande vinne vya RAM vikimeta kwa rangi saba. Ni mashine ya kweli, si ya kudharau. Ila nilipoitazama nikiwa na karatasi yangu niliona mambo mawili ambayo mnunuzi wa kawaida hangeambiwa.

La kwanza ni zile RAM nne. Mazabodi za kisasa za AMD zinazotumia soketi ya AM5, iliyoanza mwaka 2022, hukubali DDR5 peke yake. Sloti ziko nne, kwa hiyo jicho linataka kuzijaza zote. Lakini maelezo ya AMD yenyewe kuhusu prosesa za Ryzen 9000 yanasema hivi: ukiweka vipande viwili, kasi inayothibitishwa ni 5600, ukiweka vinne, inashuka hadi 3600. Waya za shaba zilizomo ndani ya ubao hubeba mawimbi ya umeme ya kasi mno, na kila kipande kinachoongezwa kwenye njia ileile huvuruga wimbi la mwenzake. Wapo wanaofaulu kuzipandisha nne kwa kubahatisha mipangilio, na wapo ambao mashine huzimika katikati ya kazi bila sababu inayoonekana. Kwa mhariri, kuzimika kusikoeleweka ni kubaya kuliko upole wa kasi. Kwa kuwa sasa vipo vipande vya gigabaiti 48 kila kimoja, viwili vinatosha kufika 96, nami kwenye karatasi nilikuwa nimeandika viwili.

La pili ni umeme, na hapa ndipo nilipotumia muda mrefu kuliko popote.

RTX 5090 imepangiwa wati 575. Prosesa niliyokuwa naitaka, Ryzen 9 9950X yenye viini 16, huweza kuvuta hadi wati 230 pale soketi inaporuhusu kazi yote. Ongeza feni, diski, RAM na ubao wenyewe, tuseme 80. Jumla ni wati 885 ndani ya kasha. Pawasaplai nzuri ya daraja la dhahabu, kwa umeme wetu wa volti 230, hupitisha kama asilimia 92 ya inachovuta ikiwa nusu ya mzigo, kwa hiyo ukutani kunavutwa karibu wati 960. Duka la Dubai halina shida na hesabu hiyo. Umeme haukatiki, na kiyoyozi kinashusha chumba hadi unatamani koti.

Mimi ningeipeleka mashine Mji Mkongwe, chumba cha ghorofa ya juu chenye kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa. Mtu wa Unguja huhesabu umeme kwa kumbukumbu. Kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010 kisiwa kizima kilikosa umeme kwa takriban miezi mitatu, baada ya hitilafu ya njia inayotoka bara kwa waya uliopita chini ya bahari, na mwaka 2008 kilikuwa kimeshakaa gizani kama mwezi mmoja. Siku hizi hali ni bora, waya mpya ulianza kutumika mwaka 2013, lakini umeme bado hukatika na kurudi kwa kishindo. Bila UPS hakuna kazi. Na UPS hununuliwa kwa namba mbili: kubwa huandikwa mbele ya boksi na ndogo huandikwa nyuma. Iliyoandikwa VA 1500 mara nyingi hubeba wati 900 tu za kweli. Mashine ya wati 960 ingeiangusha siku umeme unapokatika katikati ya kazi nzito, yaani wakati uleule ilionunuliwa kuokoa.

Kisha kuna joto. Kila wati inayoingia kwenye kompyuta huishia chumbani ikiwa joto. Wati 960 ni hita ndogo iliyowashwa mchana kutwa katika mji ambao mwezi wa Februari hauhitaji hita. Ningelazimika kununua kiyoyozi, na kiyoyozi nacho kingetaka umeme wake.

Kwa hiyo niliikataa RTX 5090. Nilichagua RTX 5080, ya wati 360 na kumbukumbu ya gigabaiti 16. Inafumbua 4:2:2 vilevile. Gigabaiti 16 zinanitosha kwa 4K pamoja na usafishaji wa chembechembe za usiku kwenye programu ya DaVinci Resolve; anayefanya kazi ya 8K, au anayeendesha modeli kubwa za akili mnemba nyumbani, atahitaji zile 32 za kaka yake, na nisingembishia. Kwa kadi hii jumla ndani ya kasha inakuwa wati 670, ukutani kama 730, na UPS ya wati 900 inapumua. Fundi wa jahazi hasimamishi mlingoti kabla hajaujua mkuku, hata kama mlingoti mrefu ndio unaopendeza bandarini.

Muuzaji wa duka lile hakufurahi. Duka la pili, ndani zaidi ya jumba, lilikuwa la kijana kutoka Kerala aliyekuwa akifunga mashine huku akinisikiliza. Nilipomwonyesha karatasi aliweka bisibisi chini, akaisoma yote, kisha akafanya jambo lililonifanya ninunue kwake karibu kila kitu: alifungua boksi la mazabodi, akatoa kitabu cha maelekezo, akakifunua mbele yangu kwenye ukurasa wa jedwali la sloti.

Ukurasa huo ndio ningemshauri kila mnunuzi ausome kabla ya kutoa fedha. Prosesa ya AM5 ina njia za data zenye hesabu: kumi na sita kwa ajili ya kadi ya picha, nne kwa diski ya kwanza ya M.2, nne nyingine ambazo mtengenezaji wa ubao huzigawa apendavyo, na nne za kuongea na chipseti. Zote zikishagawanywa, hakuna nyingine. Kwenye ubao ule, wa chipseti ya X870E, bandari za USB4 zilichukua zile nne za kugawa. Sloti ya pili ya M.2 ikabaki haina chake, kwa hiyo mtu akitia diski pale, hukopa kutoka kwa kadi ya picha, na kadi hushuka kutoka njia kumi na sita hadi nane. Kwa kazi nyingi hasara yake ni ndogo. Lakini kwa nini niilipe, ilhali sloti ya tatu, inayopita kwenye chipseti, iko wazi na haimkopi mtu? Kijana aliweka kidole kwenye mstari. "Diski ya mfumo hapa. Ya faili za muda hapa. Hii iache tupu," alisema. Nikaandika pembeni ya karatasi.

Alikuwa na ubao mwingine wa bei nafuu, wa X670E uliotoka mwaka 2022, mzuri na bado mpya. Soketi ni ileile. Tatizo ni kwamba ubao uliotengenezwa kabla ya Ryzen 9000 kutoka Agosti 2024 huenda usiitambue prosesa hiyo mpaka BIOS yake isasishwe. Bodi nyingi za daraja hilo zina kitufe cha nyuma cha kusasishia kwa flashi bila hata prosesa kuwemo, kwa hiyo si kikwazo cha kutisha. Anayebana matumizi anaweza kuichukua. Mimi nilichukua X870E kwa kuwa ilitoka baada ya prosesa ile na ilikuwa na bandari nilizozihitaji kwa diski za nje. Kuhusu kwa nini si Intel, nitasema kwa ufupi. Kama ningekuwa tayari na kadi ya RTX 40, ningechukua Core Ultra yenye kichakata picha cha ndani bila kusita, kwa ajili ya 4:2:2. Zile Core i9 za kizazi cha 13 na 14 zilizokuwa zikiuzwa kwa punguzo nilizipita, kwa sababu mwaka 2024 Intel yenyewe ilikiri kuwa umeme uliopitiliza ulikuwa ukizidhoofisha, ikatoa marekebisho na kuongeza dhamana miaka miwili. Ukinunua iliyokwisha tumika hujui ilitumikaje. Nayo AMD imeahidi kuendelea na AM5 hadi 2027 na kuendelea, hivyo ubao wangu una nafasi ya kupokea prosesa nyingine.

Halafu ikaja zamu ya futikamba.

Nilitaka kupoza kwa hewa. Vipoozaji vya maji vinafanya kazi vizuri na vinapendeza, lakini pampu ikifa Unguja, mashine imelala hadi nyingine ifike kwa ndege. Kipoozaji cha hewa kina chuma na feni. Feni ikifa, utapata nyingine sokoni Darajani. Nilichagua Noctua NH-D15, ya Austria, yenye kimo cha milimita 165. Kasha nililolipenda linakubali hadi 170. Inaingia, na inabaki nafasi ya milimita tano.

Inaingia, ila kwa sharti. Feni ya mbele ya kipoozaji hicho hukaa juu ya RAM, na chini yake pana milimita 32. RAM fupi, isiyo na mapambo, hupita. Zile zenye taa huwa na kimo cha kama milimita 44. Ukizitia, feni lazima ipandishwe milimita 12. Kimo chote kinakuwa 177. Na ubavu wa kasha haufungiki. Tazama mnyororo huo: rangi ya RAM imekwenda kugombana na mlango wa kasha, vitu viwili ambavyo havigusani kabisa, na hakuna boksi hata moja lililokwambia. Duka jirani walitaka kunipa RAM ya taa kwa bei ya ile fupi, wakidhani wananifanyia hisani. Niliwashukuru nikairudisha.

Kadi nayo niliipima. RTX 5080 si kitu kimoja. Kila kampuni huifunika kwa chuma chake, na nyingine huzidi sentimita 33 kwa urefu na kula nafasi ya sloti tatu na zaidi. Kasha langu linaruhusu milimita 355 likiwa na feni za mbele. Nilipima pia unene, na nafasi iliyobaki kati ya kadi na ubavu, kwa sababu waya wa umeme wa kadi hizi hutokea pembeni. Kichwa chake cha pini 12 kilipata jina baya enzi za RTX 4090, pale vingine vilipoyeyuka, na mara nyingi ilionekana havikuwa vimesukumwa hadi mwisho. Toleo la sasa limefupisha zile pini ndogo za ishara, ili kadi isivute umeme kichwa kikiwa hakijaingia sawasawa. Hata hivyo ubavu wa kasha ukiukunja waya mara tu unapotoka kwenye kichwa, unakirudisha nje polepole. Hiyo nayo ni hesabu ya milimita.

Pawasaplai nilichukua ya wati 1000 yenye kiwango cha ATX 3.1. Mtu atauliza, kama mzigo ni 670 kwa nini 1000? Kwa sababu kadi za siku hizi huruka. Kwa kitambo kifupi kuliko kupepesa jicho, huvuta zaidi ya kipimo chake kilichoandikwa, na pawasaplai dhaifu hudhani ni hitilafu ikajizima. Viwango vya ATX 3 vinaitaka ivumilie hadi mara mbili ya uwezo wake kwa muda wa sehemu ya kumi ya milisekunde. Pia mashine inayofanya kazi katikati ya uwezo wake hupata joto dogo, na feni yake hulia kidogo.

Hapa palitokea jambo ambalo lingeweza kuharibu kila kitu. Pawasaplai ile niliipata duka jingine, ambalo silitaji jina, kwa sababu kijana wa Kerala alikuwa ameishiwa. Boksi lilikuwa limefunguliwa, na baadhi ya waya hazikuwemo. Muuzaji akaingia nyuma, akarudi na fungu la waya za kampuni nyingine. Vichwa vinafanana, akaniambia, vinaingia bila shida.

Ni kweli vinaingia. Upande wa kwenye mazabodi na diski, mpangilio wa pini umewekwa sawa kwa wote. Upande unaochomekwa kwenye pawasaplai yenyewe, kila mtengenezaji hupanga atakavyo, na hata kampuni moja hubadilisha kati ya modeli na modeli. Waya wa kampuni moja kwenye pawasaplai ya nyingine waweza kupeleka volti 12 mahali palipotarajia volti 5, na diski yenye miezi ya kazi ikaungua mara tu unapobonyeza kitufe. Nilikuwa nikizifikiria picha za Jambiani, za akina mama waliosimama majini saa nzima wakisubiri nimalize kupiga. Nilikataa fungu lile, nikasema nataka boksi lililofungwa au fedha zangu. Ilichukua mabishano, na mwishowe boksi lililofungwa lilipatikana ghorofa ya chini. Hasira yangu siyo kwa kuwa alitaka kuuza. Ni kwamba aliyasema maneno hayo kwa utulivu wa mtu aliyekwisha yasema kwa wengi, na wengi hao hupanda ndege na kurudi mbali.

Mengine yalikwenda haraka. Diski za M.2 mbili, ya terabaiti 2 na ya 4. Pesti ya prosesa. Feni za ziada, kwa kuwa nilitaka zinazoingiza hewa ziwe nyingi kuliko zinazotoa, hewa isukume nje kwenye nyufa badala ya kunyonya vumbi la chokaa na unyevu wa chumvi. Volti na plagi hazikunisumbua: Dubai hutumia plagi ileile ya miguu mitatu ya mraba tunayoitumia sisi. UPS nilipanga kuinunua nyumbani, maana betri zake za risasi ni nzito na ndege hazizipendi. Kila risiti niliomba iandikwe namba ya bidhaa, kwani dhamana nyingine huishia Ghuba, na bila namba huna hata pa kuanzia. Kodi ya ongezeko la thamani huko ni asilimia 5, ilianza 2018, na maduka yaliyojiunga na mpango wa watalii humwezesha mgeni kurudishiwa sehemu yake uwanja wa ndege. Dai marejesho hayo kabla hujayakabidhi mabegi.

Kasha nilimpelekea ami Naif. Alikigonga kioo chake kwa kucha, akakivua, akakifunga peke yake kwa godoro jembamba, na boksi akaliandika jina langu pande zote sita.

Kasha lilipofika bandarini Malindi, Unguja, nilifungia kila kitu chumbani kwangu, sakafuni, juu ya mkeka, dirisha limefungwa kwa ajili ya vumbi. Kipoozaji kilipita chini ya ubavu. Kadi ilikaa, kichwa cha waya kikazama hadi mwisho, na ubavu haukukigusa. Nilipobonyeza kitufe, skrini ilibaki nyeusi kwa dakika kadhaa, na hapo anayefunga DDR5 kwa mara ya kwanza hudhani ameua kitu. Hajaua. Ubao unaifundisha RAM, unapima wimbi kwa wimbi hadi upate muda unaofaa, na ukizima kwa hofu unauanzisha upya. Nilikaa nikasubiri hadi maandishi yalipotokea.

Niliwasha mpangilio wa EXPO, RAM ikapanda hadi 6000. Kasi hiyo imezidi ile 5600 ya AMD, kwa hiyo sikuiamini bila ushahidi. Niliiachia programu ya kupima kumbukumbu usiku kucha, mashine ikiwa kwenye UPS, kiyoyozi hakuna, feni ya dari pekee ikizunguka. Asubuhi jaribio lilikuwa limemaliza bila kosa hata moja, nikaanza kuhamisha faili za Jambiani.